Kufundisha Kuvuka Barabara za Mjini: Somo la Wajibu wa Wote

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliwahi kukaa nyuma ya darasa la tatu, nikimsikiliza mwanachuo wangu akifundisha namna ya kuvuka barabara. Somo lilikwenda vizuri. Alichora kivuko ubaoni kwa mistari myeupe, na wanafunzi wakaitika kwa sauti moja: "Tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena!" Nilimpa alama nzuri. Saa sita kengele ikalia, na watoto wale wale wakatoka mbio langoni, wakaikata barabara pasipo kugeuza shingo. Dereva wa daladala alikanyaga breki kwa nguvu, gari likasimama hatua mbili tu kutoka kwa msichana mmoja. Tangu siku hiyo nimejiuliza ile alama niliitoa kwa kazi gani.

Kosa halikuwa la mwanachuo peke yake. Tumezoea kulifundisha somo hili kama shairi la kukariri, ilhali kuvuka barabara ni stadi, na stadi haipatikani pasipo kutendwa. Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuwaua watoto na vijana wa umri kati ya miaka 5 na 29. Hao ndio tunaokaa nao darasani. Kwa hiyo napendekeza hatua tatu, ambazo mwalimu aweza kuzifuata hata kama hana kifaa ila chaki na kamba.

Hatua ya kwanza: Kupima uwanjani

Mtoto mdogo hawezi kukadiria vema mwendo wa gari. Huona liko mbali, akadhani ana nafasi. Basi na aone kwa macho yake. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu ulioruhusiwa na sheria yetu katika maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kumwona mtoto na kukanyaga breki, mita 14 zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Kwenye lami kavu litahitaji nyingine zipatazo 14 ndipo lisimame. Jumla ni mita 28. Kwa mwendo wa kilomita 30, jumla hushuka hadi mita 13 hivi. Wanafunzi wapime urefu huo kwa kamba, wasimame mwanzo na mwisho wake, watazamane. Wa darasa la sita na la saba wapige hesabu wenyewe, kisha waulizwe hali itakuwaje mvua ikinyesha.

Hatua ya pili: Kuigawa barabara

Kanuni ya kulia, kushoto, kulia ina sababu yake: magari yetu hupita upande wa kushoto, hivyo gari la kwanza kumfikia avukaye hutoka kulia. Mwalimu aieleze sababu, maana barabara za siku hizi zimezidi kuwa na mambo. Tuchukue Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Tangu mwaka 2016 Mabasi Yaendayo Haraka hupita katikati yake, na magari mengine pembeni. Mwenye kuivuka hukutana na magari, kisha mabasi, yote kutoka kulia. Akipita katikati hukutana na mabasi, kisha magari, kutoka kushoto. Hizo ni barabara nne ndani ya moja. Tena pikipiki huweza kutokea upande usiotazamiwa. Chorea chaki njia hizo uwanjani, na kila mwanafunzi azivuke moja baada ya moja, akisimama na kutazama upya. Akumbushwe pia kwamba gari moja likisimama kumpisha, huenda la pili likalipita lile lililosimama. Asivuke mpaka yote yamesimama.

Hatua ya tatu: Mchezo wa wajibu

Wape wanafunzi nafasi za mtoto avukaye, dereva wa daladala, mwendesha bodaboda, askari wa usalama barabarani, na mchuuzi aliyepanga bidhaa juu ya njia ya waendao kwa miguu. Waigize ajali iliyotaka kutokea. Kisha kila mmoja ajibu swali moja: "Mimi ningefanya nini ili isitokee?" Ni mwiko kumlaumu mwingine kabla hujataja wajibu wako. Hapo ndipo watoto hugundua kwamba mchuuzi, asiyeendesha chochote, naye alimsukuma mtu barabarani. Na kwamba dereva hafanyi hisani anaposimama kwenye kivuko, bali hutimiza Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, mwalimu awe mwangalifu asimpe mtoto mzigo wa mtu mzima. Mtoto akikosea hukosea kitoto. Aliye nyuma ya usukani ndiye mwenye chuma na nguvu, hivyo wajibu wake ni mkubwa zaidi. Nasi walimu tuna wetu: kuwatoa watoto kwa makundi, kumweka mwalimu wa zamu langoni, na kushirikiana na kamati ya shule kuomba kivuko pale kisipokuwapo.

Upimaji

Somo hili lisipimwe kwa karatasi. Siku ya tatu baada ya kufundisha, mwalimu asimame kando ya lango saa ya kutoka, pasipo kutangaza, ahesabu ni wangapi wanaosimama na kutazama kabla ya kukanyaga lami. Idadi hiyo ndiyo alama ya mwalimu. Ikiwa ndogo, arudi uwanjani na chaki yake, aanze upya.