Dondoo muhimu: Roboti zisipoteane shimoni

Mwaka 2015, wachimbaji 5 waliokolewa hai Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kundi la roboti za uokoaji likiingizwa kwenye duara (shimo la mgodi) kama lile la Nyangalata, adui wa kwanza ni mwamba: unameza mawimbi ya redio.

Dawa? Zidondoshe visambaza mawimbi njiani, hasa penye kona, kabla mtandao haujafifia. Roboti za timu ya CERBERUS, washindi wa mashindano ya roboti za chini ya ardhi ya mwaka 2021 ya DARPA, wakala wa utafiti wa ulinzi wa Marekani, zilifanya hivyo.

Roboti moja ibaki nyuma iwe daraja la mawasiliano. Ya mbele isisogee kabla mwenzake hajashika nafasi.

Roboti ikipoteza mawasiliano, irudi yenyewe mpaka ilipoyapata mara ya mwisho, ramani ikiwa kwenye kumbukumbu. Chaji ya kurudi ihesabiwe mapema, kama mchimbaji anavyopima tochi yake.