Ini Nalo Lina Saa

Simu ikionyesha 11:00 usiku, kwa Kiswahili tunasema saa tano usiku. Hapa Doha, wakati wa joto, wengi wetu saa hiyo bado tunakula chipsi na soda.

Ini lina saa yake ya ndani, inayofuata nyakati za kula. Mchana huweka akiba. Usiku huitoa kuupa mwili nguvu. Tukizoea mafuta na sukari usiku, saa hiyo huweza kuvurugika, na mafuta yakajikusanya ndani ya ini, hata la mtoto.

Karafuu, rozela na chai zina kemikali za mimea ziitwazo polifenoli. Baadhi yake zimepunguza mafuta hayo kwa panya wa maabara. Lakini kikombe cha chai hakifuti chipsi za kila usiku.

Zoezi: Pamoja na wazazi, andikeni kwa Kiswahili saa ya mlo wenu wa mwisho kwa siku 7.