Wanasema nilijua, na ni kweli nilijua

Shangazi,

Naandika kutoka Singida mjini. Mume wangu ni dereva wa Fuso. Msimu wa alizeti hubeba magunia kutoka Ikungi na vijiji vya Iramba kuleta viwandani. Wiki tano zilizopita, alfajiri, aligonga bodaboda. Kijana aliyekuwa akiendesha alifariki palepale, na mama aliyepakiwa akafia hospitali. Watu walimshusha mume wangu wakaanza kumpiga, wengine wakawa wanagombania magunia. Polisi ndio waliomwokoa. Alipopimwa akakutwa na pombe. Sasa yuko nje kwa dhamana na kesi inaendelea.

Mtaani wanasema anyongwe. Sokoni mama mmoja aliniambia mbele ya watu, "Na wewe ulijua." Nilinyamaza, maana ni kweli. Watu walimwona mtu safi. Hakukaa kilabuni, Jumapili yupo kanisani, ada za watoto analipa. Lakini chini ya kiti cha gari alikuwa na chupa ya maji iliyojaa pombe kali, na nyingine aliificha stoo nyuma ya magunia ya mashudu. Asubuhi mikono ilimtetemeka mpaka anywe ndipo aweze kufunga vifungo vya shati. Tajiri wake akipiga simu, mimi ndiye niliyekuwa nasema ana malaria.

Mama mkwe anataka mimi na utingo tuseme alisinzia kwa uchovu. Anasema ulevi ni aibu ya ukoo, usingizi ni bahati mbaya. Yeye ndiye anayemnunulia sasa, kidogo kidogo usiku, ili apate kulala. Mume wangu amelia na kuapa kwamba anaacha. Anataka nimfungie chumbani wiki nzima asiione pombe. Lakini juzi aliomba funguo za pikipiki ya mdogo wake. Nataka kwenda kwa wafiwa, ndugu wamenikataza. Mwanangu wa darasa la tano amegoma kwenda shule. Shangazi, na mimi ni muuaji?

Mama wa Wawili, Singida

Mwanangu,

Naanza na funguo, kwa sababu hizo hazisubiri. Ukimaliza kusoma hapa, mwite shemeji yako umwambie pikipiki hiyo isilale kwenu na funguo zake zisionekane nyumbani kwako. Mwambie na sababu. Usimzungushe kwamba breki zina shida. Mumeo asiendeshe chombo chochote, hata kwenda dukani. Ikitokea ameondoka nacho akiwa amekunywa, piga simu polisi saa hiyohiyo. Najua ni neno zito kumwambia mke, na nimelipima kabla ya kuliandika. Familia mbili zimeshazika.

La pili ni hicho chumba anachotaka umfungie. Usikubali. Mtu ambaye mikono yake haitulii asubuhi mpaka anywe, mwili wake umeshaizoea pombe kiasi kwamba ukinyimwa ghafla unapata msukosuko mkubwa. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine huweweseka, huona vitu visivyokuwapo, joto hupanda, moyo hukimbia. Wapo wanaokufa. Wanafia ndani, mlango umefungwa, na familia inasema amerogwa au ameadhibiwa na marehemu. Kwa hiyo nia yake ya kuacha ni njema, lakini njia aliyoichagua inaweza kumuua.

Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida na uingie naye kwa daktari. Mseme anakunywa kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho amekunywa saa ngapi. Msipunguze hesabu kwa aibu, maana dawa za kumtuliza hupangwa kwa kufuata ukweli huo. Atapewa pia vitamini B1, ambayo miili ya wanywaji wa siku nyingi huishiwa, na kukosekana kwake huharibu ubongo. Wakiona anahitaji zaidi watawaandikia rufaa kwenda Mirembe, Dodoma, hospitali ya taifa ya afya ya akili, kilomita zipatazo 240 kutoka hapo mlipo. Kabla ya safari hiyo angalieni masharti ya dhamana. Kama hairuhusu kutoka nje ya mkoa bila kibali, wadhamini au wakili waombe mahakamani wakiwa na barua ya daktari mkononi. Asiondoke kimyakimya, hata kwa matibabu.

Mama mkwe wako simhukumu haraka. Anamwona mwanawe akitetemeka, na ameona kwamba funda moja linamtuliza. Ni kule kuzimua kwa asubuhi, ila sasa kumehamia usiku na kuna mkono wa mama ndani yake. Mpeleke naye kwa daktari. Akisikia kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe kwamba upo utaratibu wa kumtuliza mtoto wake bila chupa, huenda akaikubali njia hiyo kuliko akiisikia kwako, mkwe ambaye sasa hivi mnavutana.

Sasa hiyo hadithi ya usingizi. Usiiseme. Kutoa maelezo ya uongo polisi ni kosa, na utingo ni kijana wa watu, msimwingize kwenye shimo hilo. Kipimo kimeshasema. Lakini pia ujue haki yako. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inamruhusu mke kutoa ushahidi wa upande wa mashtaka dhidi ya mumewe akitaka, ila kwa kesi ya namna hii haimlazimishi. Kwa hiyo si kwamba huna njia ila kusema uongo au kumpeleka mumeo jela kwa mdomo wako. Unaweza kukataa kutoa ushahidi bila kudanganya. Muulizeni wakili, na kama hamna fedha, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu iwaelekeze kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Nina sababu nyingine ya kuikataa hadithi hiyo, na ndiyo inayoniuma zaidi. Ikikubaliwa kwamba alisinzia, mumeo hatatibiwa. Mtu hatibiwi usingizi wa siku moja. Atatumikia adhabu yake au atalipa faini, atarudi, atatafuta tajiri mwingine, na chupa ya maji itarudi chini ya kiti. Aibu mnayoikwepa leo ndiyo iliyomficha miaka yote hiyo.

Umeniuliza kama wewe ni muuaji. Hapana. Hukushika usukani, na hukuwa na nguvu ya kumvua mtu mzima kilevi chake. Lakini sitakufariji kwa kukuambia hukuwa na sehemu yoyote. Zile simu za malaria zililinda mshahara, na pamoja na mshahara zikalinda chupa. Ulifanya hivyo kwa kuogopa watoto wasilale njaa, na mke mwenye hofu hiyo simtupii jiwe. Libebe kwa ukubwa wake halisi, usilipunguze wala usiongeze lisilo lako.

Maana wewe hukuwa peke yako uliyejua. Utingo alikaa kwenye harufu ile safari nzima. Tajiri alisikia malaria isiyopona ikija kila baada ya siku chache, na hakuuliza kwa sababu alizeti ilikuwa inasubiriwa kiwandani. Yupo aliyemjazia chupa gizani. Na wapo madereva wenzake wanaoamini kwamba supu ya asubuhi na kuoga maji baridi huondoa pombe mwilini. Haviondoi. Ini hufanya kazi yake kwa mwendo wake, na bia moja ya nusu lita huchukua kama saa mbili au zaidi. Aliyeanza kunywa saa mbili usiku akamaliza ya tano saa sita, saa kumi na mbili asubuhi anapowasha gari bado ana pombe kwenye damu, hata kama anatembea wima na anaongea vizuri. Kiwango cha jumla kwenye sheria yetu ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi 50. Mumeo alikuwa akitembea wima. Ndiyo maana watu walimwona safi.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyokuwa vikiingia kwenye mfuko wa shati. Niliiunga mkono hatua ile na bado naiunga mkono. Lakini mwenye uraibu alihamia kwenye chupa ya maji, na chupa ya maji hakuna askari wa barabarani anayeishuku.

Kuhusu hasira ya mtaani, nakuomba usishindane nayo. Ina haki ya kuwapo. Wana Singida wanaijua barabara yao. Mwezi Julai 2016 mabasi mawili ya kampuni moja yaligongana uso kwa uso Maweni, wilayani Manyoni, wakafa watu wapatao 30, na nchi nzima ilichachamaa. Siitaji ajali ile kwa ajili ya pombe. Naitaja kwa sababu wengi mkoani kwenu wanamkumbuka mtu aliyesafiri asifike. Wakisikia dereva ameua, kidonda kile kinafunguka. Mwache mama wa sokoni aseme. Ukiweza, siku moja mjibu, "Ndiyo mama, nilijua, na sasa tunamtibu." Jibu hilo linatosha.

Ila hasira nayo ina mipaka yake. Kumpiga mtu aliyekwisha kukamatika na kubeba magunia yake hakukumsaidia kijana yule wa bodaboda wala mama aliyempakia. Na wanaosema anyongwe, waambie kesi iko mahakamani chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kitanzi hakimo humo. Kuna jambo jingine kwenye kelele hizo ambalo linanitia hofu. Madereva wengine wenye chupa chini ya viti wanazisikia. Hakuna hata mmoja wao atakayejitokeza kusema "nisaidieni" akisikia kwamba mtu kama yeye anastahili kitanzi. Watazidi kuficha, na wataendelea kuendesha.

Mwaka 2012 mwanamuziki Rehema Chalamila, Ray C, aliyekuwa kipenzi cha redio zetu zote, nchi nzima ilijua kwamba ametumbukia kwenye dawa za kulevya. Alisemwa sana. Lakini alisaidiwa kupata tiba, Rais Jakaya Kikwete akiwa mmoja wa waliomshika mkono, naye akasimama hadharani akasimulia. Yeye hakuua mtu, na ugonjwa wake ulikuwa wa kitu kingine, kwa hiyo sisemi mumeo anastahili huruma ileile. Nasema tu kwamba tumewahi, kama taifa, kumtazama mraibu tukamwona mgonjwa. Mumeo ni mgonjwa na pia ana deni la damu za watu wawili. Moja halifuti jingine. Hospitali itashughulika na ugonjwa, mahakama na deni, naye apite kote kuwili.

Kwa wafiwa uende. Lakini usiende peke yako wala usitokee ghafla. Tafuta mzee anayeheshimiwa pande zote, au padri au mchungaji wenu, atangulie kuuliza kama mnaweza kupokewa. Wakikataa, rudini, na msiwasukume. Wakikubali, keti chini, toa pole, sikiliza, ondoka. Usitaje dhamana wala kesi. Usipeleke fedha za kuwaomba waifute, maana kesi ya jinai si mali yao kuifuta, na bahasha ya namna hiyo ni tusi juu ya kaburi. Rambirambi ya kawaida, kama desturi yenu ilivyo, ipite kwa mkono wa huyo mzee.

Lipo jambo moja unaloweza kuwafanyia wafiwa ambalo lina manufaa kuliko machozi. Kila gari barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima ya kufidia watu wengine wanaodhurika, na bima hiyo imewekwa kwa ajili ya watu kama wao. Familia nyingi za vijijini hazijui, au huambiwa kwamba kwa kuwa dereva alikuwa amelewa basi hakuna kitu. Wasikubali jibu hilo la mdomo. Muombe yule mzee awaambie wadai kwa kampuni iliyokatia bima lile Fuso, wakiwa na ripoti ya ajali kutoka polisi, vyeti vya kifo na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Wakizungushwa wapeleke malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Namba ya bima unaweza kuipata wewe kwa tajiri. Iandike, mpe mzee. Yule mama aliyepakiwa, kama ameacha watoto, watoto hao wanahitaji ada mwaka huu.

Amebaki mwanao. Usimwambie baba alisinzia. Ana akili, na shuleni ameshaambiwa yote kwa maneno mabaya kuliko ya kwako. Mwambie baba ana ugonjwa wa pombe, aliendesha gari akiwa amelewa, watu wawili wamekufa, na yeye mtoto hakufanya kosa lolote. Atauliza kama baba atafungwa. Mjibu kwamba huenda ikawa hivyo, na kwamba wewe upo. Kisha nenda wewe mwenyewe kwa mwalimu wa darasa kabla hajarudi, mkubaliane nani atamkalisha karibu naye na nani atazungumza na wanaomtania. Siku tatu za kwanza msindikize hadi getini.