Jeraha la Moyo Lipatikanalo Hospitalini

Ndugu wapenzi, na hasa ninyi wainjilisti na wazee wa kanisa mnaozuru wagonjwa, somo la mwezi huu lahusu jeraha lisiloonekana kwa macho. Kidonda cha kisu hufunga, na nyuzi hutolewa; lakini wako watu ambao mwili wao umepona, na moyo wao ungali na kidonda kibichi.

Tuseme yuko mama hapa Isaka ambaye uzazi wake wa kwanza ulikuwa mgumu. Alichukuliwa usiku kwa gari mpaka Kahama, akapasuliwa, na mtoto akafa. Hakuna aliyemweleza atatendwa nini. Na alipolia alikaripiwa. Sasa ana mimba ya pili, na kila siku ya kliniki hukimbilia shambani. Majirani husema, "Ni mkaidi." Sivyo. Anaogopa, na hofu hiyo yaweza kumwua, maana aliyepasuliwa mara moja hapaswi kuzalia nyumbani.

Tena si wazazi peke yao. Mchimbaji wa Geita aliyefukiwa na kifusi, kisha akakatwa mguu, na mtoto aliyeshikwa kwa nguvu achomwe sindano, hao nao waweza kubaki na jeraha hili.

Ishara zake ndizo hizi. Kwanza, jambo lililopita humrudia mtu kana kwamba latukia sasa, kwa ndoto, au asikiapo harufu ya dawa. Pili, hukwepa mahali na maneno ya kumkumbusha. Tatu, hushtuka upesi na kukosa usingizi. Nne, hujilaumu, na kujiona ametengwa na watu. Mambo haya yakidumu kupita mwezi mmoja na kumzuia kazi zake, ni ugonjwa wenye matibabu. Si wazimu, si kurogwa, wala si upungufu wa imani.

Je, mambo haya ni machache? Katika mkoa wa Tanga wanawake waliozalia hospitalini na vituoni waliulizwa kama walitendewa vibaya. Walipokuwa wakitoka, kama 19 katika kila 100 walikubali. Walipoulizwa tena nyumbani baada ya majuma kadhaa, wale waliokubali walikuwa kama 28 katika kila 100. Basi tujifunze hapa: mtu hasemi yote siku ya kwanza, wala mbele ya wale anaowaogopa. Mwaka 2014 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitamka kwamba kila mwanamke ana haki ya kutunzwa kwa heshima azaapo.

Msaada nao upo. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wanawake wenye fistula, yaani wavujao mkojo kwa sababu ya uchungu wa kuzaa uliokawia, walijaribiwa kusaidiwa na muuguzi aliyefundishwa. Alizungumza na kila mmoja mara 6. Mama alisimulia habari yake, akafikiri upya maana yake, akatazama huzuni na aibu yake, akajifunza njia za kustahimili, akazungumza juu ya jamaa zake, na mwisho akapanga maisha ya mbele. Angalieni utaratibu huo: masimulizi huja kwanza, na mipango huja mwisho. Sisi mara nyingi hugeuza, tukaanza na mashauri.

Yule mwanamke wa Marko 5 alikuwa ameteswa sana mikononi mwa waganga wengi. Yesu, ijapokuwa aliitwa kwa haraka kwenye nyumba ya Yairo, alisimama mpaka mama yule akamwambia kweli yote.

Basi kazi yetu ni hii:

1. Sikilizeni bila kukatiza. Lakini msimlazimishe mtu kusimulia, maana kulazimishwa humwumiza mara ya pili.

2. Msimwambie, "Shukuru, umepona." Neno hilo hufunga kinywa chake.

3. Msitangaze habari zake, hata katika maombi ya kusanyiko, asiporuhusu mwenyewe.

4. Mrudisheni hospitalini hatua kwa hatua, kwa hiari yake. Siku moja afike langoni tu na mtu anayemwamini. Siku nyingine aketi barazani. Kisha azungumze na mkunga. Aombe aelezwe kila jambo kabla halijatendwa.

5. Asiyelala, asiyekula, au asemaye afadhali kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni upesi kwa mganga wa hospitali, ampeleke kwa wenye ujuzi wa magonjwa ya akili.

Wala msiwageuze watu kuwachukia wauguzi. Wengi wao hufanya kazi wakiwa wachache, usiku na mchana. Palipo na kosa, lipelekwe kwa upole kwa mkubwa wa kituo.

Maswali ya kujifunza pamoja:

1. Kwa nini wanawake wa Tanga walisema zaidi walipokuwa nyumbani?

2. Ni maneno gani ya faraja tuyasemayo ambayo hufunga kinywa cha mgonjwa?

3. Katika mtaa wenu, ni nani awezaye kumsindikiza mama mwenye hofu mpaka kliniki juma hili?