Dondoo Muhimu: Siku Moja Mahabalipuram na Watoto

Mkiwa Chennai, India, labda mmempeleka mgonjwa na daktari amewapa siku ya kupumzika, nendeni Mahabalipuram, mji wa pwani ulio kilomita 55 hivi kusini. Tokeni saa 12 asubuhi. Mkichelewa, miamba inayozunguka hekalu la ufukweni, la karne ya 8, inakuwa ya moto. Watoto wavae viatu. Tiketi ya mgeni ni ghali kuliko ya mwenyeji. Madafu yapo, na samaki wa kukaanga, ila mwambieni muuzaji apunguze pilipili kabla hajampaka samaki viungo.

Bahari ile isiwadanganye. Mkondo wake una nguvu, na wimbi likirudi linafukua mchanga chini ya nyayo. Watoto wachezee ufukweni tu, mmewashika mkono.