Kubadili mkao ulingoni: anza na miguu

Jebu lako linatoka lenyewe, bila kufikiri? Basi endelea kusoma. Kama bado, rudi kwenye mkao wako mmoja hadi utulie. Haya mengine yatakusubiri.

Nachukulia wewe ni othodoksi: mguu wa kushoto mbele, mkono wa kulia nyuma. Unataka uweze pia kusimama kimashoto, mguu wa kulia ukitangulia. Kama wewe ndiye mashoto, pindua maelekezo yote.

Chora mstari wa chaki sakafuni. Mguu wa kushoto uwe upande wa kushoto wa mstari, wa kulia upande wa kulia, upana wa mabega. Sasa badili: wa mbele urudi nyuma, wa nyuma uje mbele, lakini kila mguu ubaki upande wake. Ukikanyaga mstari, umesimama kama mtu anayetembea juu ya ukuta, na hata jebu jepesi litakuyumbisha. Fanya taratibu, bila ngumi, siku baada ya siku. Inachosha. Ifanye tu.

Usiruke. Wengi hurusha miguu yote miwili kwa pamoja kwa sababu inapendeza kwenye video. Ukiwa hewani huwezi kukwepa wala kurudi nyuma. Mguu mmoja, kisha mwingine.

Miguu ikikubali, upe mkono wa kulia kazi ya jebu. Una tabia yake: umezoea kumaliza kazi, kwa hiyo utataka kupiga kwa nguvu kila mara. Ufundishe kugusa na kurudi. Ukipiga ngumi hewani raundi sita, mbili ziwe za kimashoto, jebu peke yake.

Mkono wa kushoto nao una shida yake. Ulizoea kutoka kila wakati. Ukiwekwa nyuma unasahaulika, unashuka hadi kiunoni. Ubane shavuni. Tegesha simu ikurekodi, maana wewe mwenyewe utaapa kwamba haukushuka.

Kiwiko cha kulia kisipande. Ini liko upande wa kulia, na ukisimama kimashoto upande huo ndio unaotangulia. Othodoksi mwenye konde zuri la kushoto la kuzungusha analitafuta hilo hilo.

Ubadili lini? Si pale mnapofikiana huku mikono yako imelala. Ule muda mfupi miguu ikiwa sambamba, ukiguswa unakaa chini. Zipo njia mbili za kuaminika.

Ya kwanza ni kurudi nyuma. Mpinzani anakuja, vuta mguu wa kushoto moja kwa moja hadi nyuma ya usawa wa kulia. Umemtoka, na tayari ni mashoto. Akiendelea kuja, anakutana na jebu la kulia. Anza na hii.

Ya pili ni kupita na ngumi. Piga mkono wa kulia, na mguu wa kulia uufuate hadi mbele. Ngumi ikimaliza safari, mkono wa kushoto uko nyuma na una nguvu yote. Upeleke ulionyooka, kidevuni au tumboni. Ni tamu sana, ila kwanza ifanye kwenye begi hadi uache kuangukia mbele.

Ukishasimama kimashoto mbele ya othodoksi, miguu yenu ya mbele itagombea nafasi. Wako uweke nje ya wake, ukizungukia kulia kwako. Hapo unaukimbia mkono wake mzito, na wako wa kushoto unapata njia katikati.

Kwenye sparingi, tafuta mwenzako muungwana na umwambie unachojifunza. Raundi nzima iwe ya kimashoto. Ukibanwa, usikimbilie mkao wa zamani. Hapo ndipo unapojifunza kutulia.

Tazama Terence Crawford na Yuriorkis Gamboa, Omaha, Juni 2014. Gamboa alimsumbua kwa kasi raundi za mwanzo. Crawford akageuka mashoto, na raundi ya 9 pambano likasimamishwa. Zima sauti, fuata miguu tu. Kisha tazama Marvin Hagler, bingwa aliyezoea kupigana kimashoto, akianza kwa othodoksi dhidi ya Sugar Ray Leonard, Aprili 1987. Raundi za mwanzo zilimponyoka, na majaji wawili kati ya watatu wakampa Leonard ushindi. Matokeo yale watu wanayabishania hadi leo. Kuhusu ule uamuzi wa mwanzo, mimi sibishi: Crawford alibadili kwa alichokiona ulingoni, Hagler aliuacha mkao uliompa ubingwa kabla hajaona chochote.

Siku ya pambano, kubaliana na kocha neno moja fupi la kubadili. Lisiwe "badili", maana mpinzani naye ana masikio. Ukilisikia ukiwa mahali pa kupigwa, toka kwanza.