Redio ya Kuongozea Gari Dogo la Mfano: Kuichagua na Kuitayarisha kwa Gharama Ndogo

Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watazamaji mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio, pasipo waya wowote. Mwezi Novemba mwaka huohuo alipewa hataza ya Marekani nambari 613,809 kwa uvumbuzi huo. Kazi iliyomhitaji bingwa wa wakati ule sasa hufanywa na kifaa cha bei nafuu ambacho mwanafunzi wa sekondari aweza kukifunga mwenyewe. Lakini swali moja limebaki lilelile: chombo kitafanya nini endapo amri ya mwongozaji haitakifikia?

Swali hili si la kinadharia tu. Lifikiriwe gari la mfano la kipimo cha 1:10, kama lile la Tamiya liitwalo TT-02, ambalo huuzwa vipandevipande na redio yake hununuliwa peke yake. Tuseme gari la namna hiyo, pamoja na betri, lina kilo 1.5, na linakwenda mita 7 kwa sekunde, yaani kilomita 25 hivi kwa saa. Nishati mwendo yake ni nusu ya 1.5 mara 7 mara 7, ambayo ni jouli 37 hivi. Ni sawa na kipande cha tofali cha uzito huohuo kilichoangushwa kutoka urefu wa mita 2.5. Mguu wa mtoto aliyesimama kando ya uwanja hautatofautisha baina ya vitu hivyo viwili.

Redio ya gari ina sehemu mbili: transmita, ambayo mwongozaji huishika mkononi, na kipokezi, kisanduku kidogo kilichomo ndani ya gari. Kipokezi hutoa mapigo ya umeme, kwa kawaida mara 50 hivi kila sekunde. Kipimo cha amri ni urefu wa kila pigo, wala si nguvu yake. Pigo la milisekunde 1.5 humaanisha katikati. Likipungua kuelekea 1.0, servo huzungushia magurudumu upande mmoja, na likiongezeka kuelekea 2.0, huyazungushia upande wa pili. Njia ya pili ya kipokezi hupeleka mapigo kama hayo kwa kidhibiti mwendo, nacho huyatafsiri kuwa kwenda mbele, kusimama au kurudi nyuma.

Hapo ndipo redio halisi inapoachana na ile ya gari la kuchezea. Redio nyingi za kuchezea hujua "ndiyo" na "hapana" tu: magurudumu ama yamenyooka ama yamekatwa hadi mwisho. Mnunuzi aweza kupima jambo hili palepale dukani kwa kuuzungusha usukani kidogo sana. Magurudumu yakiruka hadi mwisho, na airudishe rafuni.

Zamani redio nyingi za magari haya zilitumia masafa ya megahezi 27. Urefu wa wimbi lake ni kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, ikigawanywa kwa masafa hayo: mita 11 na ushei. Ndiyo sababu transmita zile zilikuwa na erio ndefu ya kuvutwa. Kila gari lilihitaji fuwele yake, na mawili yenye masafa mamoja hayakuweza kwenda pamoja. Redio za leo hutumia zaidi gigahezi 2.4, ambapo wimbi lina sentimita 12.5 na robo yake ni milimita 31 tu. Transmita na kipokezi hutambuana kwa namba ya siri, na katika mitambo mingi huruka pamoja kutoka sehemu moja ya masafa hadi nyingine, hata magari kadhaa yakaweza kushindana bila kuvurugana.

Erio ya kipokezi, basi, ni zile milimita 31 za mwisho zisizo na ganda la waya. Isikatwe wala isikunjwe chini ya betri. Isimamishwe wima ndani ya kibomba cha plastiki, juu kadiri iwezekanavyo, kwani gari hutambaa karibu na ardhi, mahali ambapo mawimbi haya hudhoofika upesi.

Ikiwa fedha ni kidogo, zitumike wapi? Matangazo ya biashara husifu wingi wa njia na umbali wa mamia ya mita. Gari lahitaji njia mbili tu, na dereva hawezi kuona vizuri magurudumu yanaelekea wapi likiwa mbali kupita mita mia moja. Yafaa zaidi kutafuta vitu viwili: uwezo wa kuweka vikomo vya mwendo wa servo, na kinga ya kupotea kwa amri inayoweza kupangwa na mwenye gari. Pia iulizwe bei ya kipokezi cha ziada, kwa maana lugha ya kampuni moja kwa kawaida haieleweki na kipokezi cha kampuni nyingine, ijapokuwa zote zimeandikwa 2.4.

Kinga hiyo yahitaji maelezo. Amri zikikatika, vipokezi havitendi namna moja. Kimoja huacha kabisa kutoa mapigo, na kidhibiti mwendo kisichopata mapigo kwa kawaida huikata mota. Kingine huenda mahali kilipopangiwa. Cha tatu, na hiki ndicho cha hatari, huendelea kurudia amri ya mwisho. Ikiwa amri ya mwisho ilikuwa "mbele kwa nguvu zote", kidhibiti mwendo kitatii kwa uaminifu, maana mbele yake hakuna dalili yoyote ya kasoro.

Watu wengi hulaumu mawimbi pale gari linapopotea, kumbe mara nyingi kosa limo katika nyaya. Kipokezi hupata umeme wake, volti 5 au 6, kutoka kwa kidhibiti mwendo. Servo iliyozuiwa isizunguke yaweza kuvuta ampea moja au zaidi. Volti zikaanguka, kipokezi kikazimika, kikawaka tena na kuanza upya kuitafuta transmita. Katika muda huo usukani hautii. Sekunde moja tu ni mita 7 za barabara.

Kwa hiyo kufunga servo vizuri ni sehemu ya usalama. Kwanza transmita na kipokezi vioanishwe kama karatasi ya kiwandani inavyoeleza, na marekebisho yote yawekwe sifuri. Kisha umeme uwashwe, servo ijiweke katikati yenyewe, ndipo mkono wake ufungwe. Mhimili wa servo una meno 23, 24 au 25 kwa kutegemea kampuni. Penye meno 25, jino moja ni digrii 14.4, likichaguliwa lililo karibu zaidi, kosa halizidi digrii 7.2. Kosa hilo lipunguzwe kwanza kwa kurefusha au kufupisha fito za usukani, na kwa redio baadaye. Halafu usukani ukatwe hadi mwisho huku sikio likisikiliza. Servo ikinguruma baada ya magurudumu kugota, kikomo kipunguzwe hadi iwe kimya. Upande wa pili ufanyiwe vivyo hivyo. Mara nyingi namba zake si sawa, na hilo si kasoro. Baada ya hapo kidhibiti mwendo kifundishwe mahali pa kusimama, mbele na nyuma.

Mwisho kinga ipangwe, kifyatulio cha mwendo kikiwa kimeachiwa, na ipimwe. Gari liwekwe juu ya kopo, magurudumu yote yakiwa hewani. Mota izungushwe polepole, kisha transmita izimwe ghafla. Mwanafunzi ahesabu muda hadi mota ikatwe, auzidishe kwa mita 7, na apime umbali huo kwa hatua uwanjani. Jaribio hili lirudiwe kila kipokezi kinapooanishwa upya, kwani katika baadhi ya redio mpango wa kinga hufutika. Siku zote transmita iwashwe kabla ya gari, na wakati wa kufunga gari lizimwe kwanza. Jaribio la umbali lifuate: mmoja alishike gari kwa kuliinua kidogo tu kutoka ardhini, mwingine aende nalo mbali hatua mia moja akikata usukani kushoto na kulia, na mshikaji apaze sauti mara tu magurudumu yanaposita.